Mombasa hadi Wasini kwa Baiskeli, kwa Saa za Bahari

Safari ya kushuka pwani ya kusini hupangwa kwa mwezi kwanza, ramani baadaye. Barabara kuu ya A14, ya Likoni hadi Lunga Lunga, ipo siku zote, lakini nusu ya raha ya njia hii iko ufuoni, na ufuo hufunguka na kujifunga mara mbili kwa siku. Maji ya bamvua, yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa kuanzia saa kumi alasiri. Maji mafu, kwenye mwezi 8 na mwezi 22, yaani siku ya 8 na ya 22 tangu mwezi uandame, ni kinyume chake: asubuhi hiyo hiyo bahari imefika kwenye kuta za hoteli na hakuna pa kupitisha gurudumu. Ndiyo maana ratiba hii inaanza mwezi 15, au mwezi mosi kwa asiyejali giza la usiku. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, na safari nzima imejengwa juu ya dakika hizo.

Jambo la pili ni upepo. Kaskazi, Desemba hadi Machi, unakusukuma mgongoni ukielekea Shimoni, mahali pa kuvukia kisiwa cha Wasini. Kusi unakupiga usoni njia nzima, unarundika mwani ufuoni hadi tairi linateleza, na Mei mvua za masika hugeuza njia za udongo kuwa tope. Aliye na likizo ya Agosti peke yake na aelekee Kilifi na Malindi, upepo uleule utamfaa. Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe. Jua lake ni kali, lakini jua hukwepwa kwa kuamka mapema.

Kuhusu baiskeli, isiwe ya bei ghali wala ya ajabu. Kuanzia Likoni hadi Kanana mafundi wa vibandani wana tyubu za 26 za baiskeli za milimani na za 28 za black mamba, zile nzito za kizamani, basi. Mwenye magurudumu ya 700 au 29 abebe tyubu 3 zake mwenyewe. Valvu nene, aina ya gari, ni bora kuliko ile nyembamba ya mashindano, kwa sababu pampu za mafundi wa bodaboda zinaikubali moja kwa moja. Tairi liwe na upana wa inchi 2 au zaidi. Breki za rimu zinatosha, ila beba raba za akiba jozi 2, kwa kuwa mchanga wa ufuoni unazila kama tupa.

Mzigo ukae chini, pande mbili za keria, ufungwe kwa kamba za blada. Kamba hizo za tyubu kuukuu hupatikana kwa fundi yeyote, hazifunguki zenyewe, na keria ikikatika ndizo zitakazoishikilia hadi kwa mchomeleaji. Vifaa: spana ya 15 ya pedeli, spana ya kurekebishika, funguo za pembe sita, kikata cheni na kiungo kimoja cha akiba, spoki 4 za urefu wa rimu yako, viraka, gundi, pampu, kichupa cha mafuta ya cheni, mswaki mkuukuu na kitambaa. Weka kioo kwenye ncha ya kulia ya usukani. Huku tunaendesha kushoto, hivyo lori linalokupita linatokea upande huo. Ongeza shuka au kikoi. Kaptura ya kubana si vazi la kuingilia kijijini, na msikitini wala kayani, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, hutaingia nayo.

Siku ya kwanza: Kivukoni, Tiwi, Diani (kilomita 35 hivi)

Uwe Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo umati unatoka Likoni kuingia kisiwani, nawe unakwenda kinyume chake, kwa hiyo feri ya kwenda huwa na nafasi. Wenye baiskeli huvuka pamoja na waendao kwa miguu, bila malipo. Shuka, kokota. Kile kiteremko cha kuingilia feri hulowa na kuteleza, na wanaoanguka hapo karibu wote ni walioshika breki ya mbele wakiwa bado juu ya kiti.

Ukitoka feri usikimbilie barabarani. Kula kwanza mahamri na mbaazi Likoni, jaza maji lita 3, subiri matatu za alfajiri zitawanyike. Kilomita za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote katika safari hii: tuktuk zinageuka bila ishara, matatu zinasimama popote, na ukingo wa lami umekatika ghafla, pengine kwa kina cha kiganja. Gurudumu la mbele likishuka hapo usijaribu kulipandisha kwa kulikata kidogo kidogo. Litasugua ukingo na kukutupa upande wa magari. Shuka kabisa hadi kwenye udongo, simama, panda upya. Pale Kibundani, ambapo barabara ya Dongo Kundu inaungana na A14, malori huongezeka. Baada ya Ng'ombeni na Waa barabara inapumua na minazi inakaribia pande zote mbili.

Kwenye kilomita ya 20 hivi unakata kushoto kuingia Tiwi na kufuata njia ya udongo hadi baharini. Ukiondoka Likoni saa moja unusu, utakuwa ufuoni kabla ya saa nne, maji yakimalizia kupwa. Hapo ndipo hesabu ya mwezi inapolipa. Miamba ya Tiwi hufunua vidimbwi vya maji mangavu, kimojapo chenye umbo la bara la Afrika, na kusini kuna mlango wa mto Mwachema, unaotenganisha Tiwi na Diani. Maji yakipwa kabisa mto huu huvukwa kwa miguu.

Namna ya kuvuka: ingia kwanza mikono mitupu, ukipima kwa fimbo. Habu, yaani kitovu, ya gurudumu la 26 iko sentimita 33 hivi kutoka chini, kwa hiyo maji yakipita nusu ya muundi, baiskeli inabebwa, haikokotwi. Maji ya chumvi yakiingia kwenye gololi, grisi hugeuka uji mweupe na baada ya siku mbili habu inaanza kulia. Vusha mikoba kwanza, rudi, kisha beba baiskeli begani, cheni ikiwa upande wa nje. Vaa viatu, mwamba unakata. Kama maji yameshaanza kujaa, au mvua imenyesha bara jana yake, acha. Rudi barabara kuu uingilie Ukunda. Ni mzunguko wa saa moja na nusu tu. Ufuo wa Tiwi una sehemu zisizo na watu na wizi wa simu na mikoba umewahi kutokea, hivyo ulizia wenyeji njia ilivyo siku hiyo, na usipite huko peke yako.

Ng'ambo ya mto, chini ya mibuyu minene, upo msikiti wa kale wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, unaosaliwa hadi leo. Toa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, egesha baiskeli mbali na ukuta.

Diani yenyewe haihitaji maelezo mengi. Malazi yapo ya kila bei, na yaliyo upande wa Ukunda ni nafuu kuliko ya ufuoni. Barabara ya hoteli ina vivuli na matuta. Tazama juu uone ngazi za kamba zilizotundikwa barabarani ili mbega wavuke bila kugongwa. Wa kuchunga ni kima na nyani. Wanajua zipu, na ndizi zilizo kwenye mkoba wa keria hazifiki saa sita.

Siku ya pili: Galu, Kinondo, Gazi, Msambweni (kilomita 40 hivi)

Hii ndiyo siku ya safari nzima, na inapangwa kwa dakika. Maji yatapwa kabisa karibu na saa tano kasorobo. Mchanga mgumu hupatikana kuanzia saa 2 kabla ya hapo hadi saa 2 baada yake, kwa hiyo ingia ufuoni saa tatu.

Kabla ya kuingia, punguza upepo wa tairi. Kwa tairi la inchi 2.1 na mwendeshaji wa kilo 70 pamoja na mzigo mwepesi, lami hutaka paundi 45 hivi, na mchanga huu hutaka 20 hadi 25. Usiye na kipimo, bonyeza kwa kidole gumba: tairi liingie ndani sentimita 1 bila kugusa rimu. Chini ya hapo tyubu itabanwa kwenye jiwe la kwanza na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba.

Kusoma mchanga ni kazi ya macho. Ule mweupe mkavu wa juu haupitiki, na isitoshe ndimo kasa wanamozika mayai. Ukiona vijiti vimezungushwa mahali, hicho ni kiota, kaa mbali. Ule wa chini kabisa, wenye mawimbi madogo yaliyoganda, unatikisa mifupa na kulegeza nati. Njia yako ni ukanda wa katikati, wa rangi ya kijivu, ambapo unyayo wa mtu huacha alama isiyozidi unene wa kidole. Tumia gia nyepesi, kanyaga kwa mzunguko wa haraka usiokatika, usukani uushike kwa ulegevu. Gurudumu la mbele likizama, usilipige kona. Sogeza uzito nyuma, ongeza mizunguko, na litatoka lenyewe. Mabwawa ya maji ya chumvi zunguka hata kama ni ya kina cha vidole viwili, maana maji yanayorushwa na gurudumu la mbele hutua moja kwa moja kwenye cheni. Ngamia wa watalii hushtuka, kwa hiyo wapite kwa mwendo wa mguu, upande wa bahari.

Kutoka katikati ya Diani hadi Galu ni saa moja ya kuendesha, na watu wanazidi kupungua. Toka ufuoni kabla ya miamba kuanza, pandisha upepo kwenye tairi, suuza cheni kwa nusu lita ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pangusa, tia mafuta, kisha shika njia ya udongo ya Kinondo.

Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Huingii bila mwenyeji wa kukuongoza. Kuna kiingilio, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hakuna kitu kinachotoka humo, hata jani. Baiskeli inabaki nje. Tenga saa moja na nusu, na ndicho kivuli bora utakachopata kwenye jua la mchana.

Kutoka hapo rudi A14 na ugeuke kusini. Saa tisa na nusu uwe Gazi, kwa sababu maji yanakaribia kujaa saa kumi na dakika 50, na mikoko ya Gazi hupendeza maji yakiwa yamepanda hadi kwenye mizizi. Kikundi cha akina mama wa kijiji kina njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na anayekutembeza atakutajia miti kwa majina: mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, mchu unaotoa vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope, mkandaa, muia, mlilana unaosimama upande wa bahari, mkomafi wenye matunda mfano wa mipira. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hii, na mapato huingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Ulikuwa wa kwanza duniani wa aina hiyo kwa mikoko. Kabla ya yote hayo Gazi ilijulikana kwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896.

Msambweni si mbali, lakini jua linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na A14 gizani si mahali pa baiskeli. Ikifika saa kumi na moja na nusu bado uko Gazi, ulizia malazi hapo hapo. Msambweni kuna nyumba za wageni, wali wa nazi, na hospitali ya rufaa, jambo la kulijua hata kama hulihitaji.

Siku ya tatu: Ramisi, Kanana, Shimoni (kilomita 35 hivi)

Siku ya lami. Ondoka saa kumi na mbili na nusu na saa nne utakuwa umefika. Mashamba ya miwa yanaanza kuelekea Ramisi, na pamoja nayo matrekta yanayovuta matela marefu. Tela huyumba kuliko trekta lenyewe, kwa hiyo ukisikia mngurumo usio wa lori, toka nje ya lami upumzike. Miwa ya kutafuna inauzwa kando ya barabara na inasaidia kuliko soda.

Pancha nyingi za siku hii hazitokani na miiba. Zinatokana na nyuzi za chuma za tairi kuukuu za malori, nyembamba kuliko unywele wa mswaki, zinazojificha ndani ya tairi na kutoboa tyubu mpya dakika kumi baada ya kuibadilisha. Kwa hiyo ukitoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mizunguko miwili, kila mzunguko upande wake. Uzi utanasa kitambaa kabla ya kukuchoma kidole. Uvute nje kwa koleo au kwa kucha mbili. Ukienda pembezoni, ni mbigili. Kisha kiraka: kwangua tyubu hadi ing'ae kidogo, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, na usubiri. Katika unyevunyevu wa pwani gundi hukauka polepole, dakika 5 na si 2, na viraka vinavyobanduka karibu vyote viliwekwa na gundi bado mbichi. Bandika, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, acha dakika nyingine kabla ya kujaza.

Maji ya visima huku mengi yana chumvi chumvi. Beba lita 4 na ununue madafu kila unapoyaona. Ukiumwa kichwa na jasho likikauka ghafla, kaa kivulini na unywe maji safi lita 1 yaliyokorogwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kwa funda ndogo. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya chakula vijijini hufungwa mchana, kwa hiyo nunua chakula usiku, na ule pa faragha.

Kanana ndiyo njia panda: kulia A14 inaendelea Lunga Lunga, kushoto Shimoni, kilomita 15 hivi. Aliyewahi mapema apitie Kibuyuni kabla maji hayajarudi, awaone akina mama wakifunga miche ya mwani kwenye kamba zilizotandazwa chini baharini, shamba linaloonekana saa chache tu za bamvua. Sabuni ya mwani inauzwa hapo hapo, na inaondoa grisi mikononi vizuri sana.

Siku ya nne: Wasini, bila baiskeli

Kisiwa cha Wasini hakina magari, kina vijia vya mwamba wenye ncha, na hakuna sababu ya kulipia nauli ya baiskeli majini. Iache kwa mwenye nyumba ya wageni, ndani, mbali na upepo wa bahari. Kufuli si kinga ya chumvi.

Maji yatapwa kabisa saa sita na robo hivi. Boti za kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti huondoka asubuhi, kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa mtandaoni kwa eCitizen, hivyo simu iwe na chaji. Mawimbi ya kaskazi huwa madogo asubuhi kuliko alasiri, na mwenye kichefuchefu cha bahari ale mkate mkavu na tangawizi, asipande na tumbo tupu. Alasiri shukia kijijini Wasini. Hakuna kisima cha maji baridi, kwa miaka mingi wenyeji wamekinga mvua kwenye mabirika ya kuhifadhia maji, kwa hiyo usiombe ya kuoga. Akina mama hutembeza wageni kwenye njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, yaliyosimama nchi kavu. Ukirudi Shimoni bado kuna mwanga wa kuona mapango yanayosimulia biashara ya watumwa.

Jioni hii ni ya kusafisha. Geuza baiskeli, sugua cheni kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, kiungo kwa kiungo, mpaka kitambaa cheupe kipite bila kuchafuka sana. Iache ikauke nusu saa. Tone moja la mafuta kwa kila kiungo, zungusha pedeli mara 20, kisha pangusa yote yanayoonekana, kwani mafuta ya nje kazi yake ni kushika mchanga tu. Kwaruza raba za breki kwa kipande cha msasa uondoe vichembe vilivyoganda. Shika gurudumu kwa juu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, koni za habu zimelegea, na zikikazwa sasa kazi ni dakika kumi. Zikiachwa hadi Mombasa, ni habu mpya.

Siku ya tano: kurudi

Kilomita 75 hadi 80 dhidi ya kaskazi. Upepo hulala alfajiri na kuamka saa nne, kisha unazidi hadi saa kumi. Ukiondoka saa kumi na mbili kamili unaweza kufika Ukunda kabla haujachachamaa, na hapo uamue. Waliochoka wapakie baiskeli juu ya keria ya matatu. Patana nauli ya mzigo kabla haijapandishwa, si baada. Fungua pedeli ya kushoto kwa kuizungusha mwendo wa saa, ya kulia kinyume chake, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na ulaze baiskeli upande usio na gia, blada 3, moja kwenye fremu na mbili kwenye magurudumu. Usimwache utingo akaze kamba juu ya gia ya nyuma. Kishikio chake kikipinda hata milimita chache, cheni itaruka kwenye spoki siku utakapopanda kilima.

Feri ya jioni kurudi kisiwani haina msongamano kama ya kutoka, kwa hiyo ukifika Likoni baada ya saa kumi na moja huna haja ya kukimbizana. Mbele ya kiteremko, shuka, kokota.